Valvu Isiyo na Makelele

Kitu cha kwanza alichokiona mpiga harmonika kwa fundi yule ni ulimi wake. Ulichungulia pembeni mwa mdomo kila aliposhika chuma cha kulehemu, kana kwamba nao ulitaka kuona kazi inavyokwenda. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini vilichomoa valvu ya kioo, ile taa ndogo inayokuza sauti, kwa upole wa mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala. Kikuza sauti kidogo cha gitaa, alicholetewa na mpiga harmonika huyo akitengeneze, alikiita shemeji, kwa kuwa kilipenda makelele.

Jioni ile ile dada huyu angepiga harmonika kwenye harusi ya kaka yake, na kila alipopuliza kwenye maikrofoni yake, shemeji alipiga ukelele wa kuwakimbiza wageni. Fundi aliiweka maikrofoni mezani, akaigonga, kukawa shwari.

“Mzima huyu, dada. Labda pumzi zako.”

“Pumzi zangu zina nini, fundi? Hebu ifumbate viganjani na harmonika, kama ninavyofanya mimi!”

Akaifumbata. Ukelele ukatoka, fundi akaruka, ulimi ukajificha.

“Shemeji, umeniumbua,” akanong’ona, akabadilisha valvu ya kwanza kwa nyingine isiyokuza sana. Dada akapuliza. Ikatoka sauti nzito, tamu, yenye mikwaruzo kidogo. Fundi alivua aproni, akazichana nywele kwa vidole, akakibeba kikuza sauti mwenyewe mpaka ukumbini. Maharusi walikuwa wamekwisha kusimama, na fundi na dada wameinama nyuma ya shemeji, wakisubiri valvu zipate moto ndipo sauti itoke.