Bunduki ya Panya Niliyoichagua Mimi

Shemeji yangu aliposema atanitafutia bunduki ya kuua panya wa bandani, nilijua moja kwa moja kwamba anataka ng'ombe wangu afe. Sidanganyi, ndivyo nilivyowaza. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu zake walishaanza kunong'ona kwamba mjane mdogo hivi hawezi kazi ya banda, bora nirudi kwetu Kirua Vunjo, kihamba, shamba la ukoo, kibaki kwa wenyewe. Kilichonishikilia pale ni yule ng'ombe, na mimba yake ya kwanza. Akizaa, nakamua, nasimama. Mimba ikitoka, nafungasha.

Na panya walijaa, jamani! Walikojolea pumba, wakapita juu ya mihimili mchana kweupe. Bwana mifugo aliniambia mkojo ule unaweza kumtoa ng'ombe mimba. Sumu sikuitaka, kuku wangu wangekufa kabla ya panya.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa anakaa ng'ambo ya mfereji. Kwanza alimtaja mtu wa Bomang'ombe mwenye bunduki ndogo na kibali chake. "Ana risasi za mwendo mdogo, hazina kelele. Ng'ombe hatashtuka." Weee! Risasi ya kweli ndani ya banda langu, tena isisikike hata nje? Nilikataa. Akasema sawa, basi tununue ya upepo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya Moshi yamejaa kila kitu. Muuzaji akatuwekea mbili mezani. Shemeji akachukua ile nyepesi, akaijaribu kwenye boksi nyuma ya duka, ikatoa sauti kama mtu anatema mbegu ya chungwa. "Hii inatosha," akasema. Inatosha nini? Nikaona anataka panya wachubuke tu, waendelee kukojoa, mimi niharibikiwe. Nikaonyesha ile nzito.

"Mama, hiyo ni ya kuwindia kanga," muuzaji akasema.

Nikamwambia apunguze maneno, anayenunua ni mimi. Shemeji akairudisha ile nyepesi mezani. Hata hilo nikalitilia shaka.

Kesho yake alasiri alilala kifudifudi bandani, mimi nimesimama nyuma yake kama askari. Panya mkubwa akapanda juu ya hori. Hakupiga. Akaja mwingine. Hakupiga.

"Siwezi, shemeji. Ng'ombe yuko nyuma ya ule ubao. Bunduki hii itapita."

"Ubao si ubao? Lete hapa!" Nikampokonya, nikalenga, nikapiga.

Panya alikimbia. Ng'ombe akatoa mlio ambao sitausahau, akajigonga ukutani, damu ikamtiririka pajani. Nilikaa chini kwenye mavi nikalia, "Nimemuua! Nimemuua!"

"Nyamaza!" Hajawahi kunifokea, kabla ya hapo wala baada. Alikuwa ameshachukua bunduki na kuingia kwa ng'ombe, amemkumbatia shingo, anambembeleza kwa Kichagga. Watu wakaja mbio kupitia migombani, mama mkwe na shemeji mkubwa, kaka yao, ambaye ndiye aliyekuwa anasema kuliko wote kwamba niondoke. Akauliza nani amempiga ng'ombe.

Nikafungua mdomo.

"Mimi," shemeji akasema. "Alinikataza, nikapiga tu."

Kaka yake alimtukana mbele yetu wote. Mpumbavu, mlevi, mchawi wa mali ya mjane. Mtu ambaye hata mbege alikuwa hanywi! Mama mkwe akanishika mkono akasema pole mwanangu, huyu kijana amekuonea. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikaufunga.

Bwana mifugo alitoa risasi, kidonda kikapona, na ndama alizaliwa mzima, jike. Habari ya mimi kurudi kwetu haikutajwa tena. Lakini shemeji hajaitwa kwenye banda lolote la ukoo tangu siku ile. Mnyama akiugua, wanamwambia akae mbali, na yeye anacheka, anakaa mbali. Mimi nakamua mpaka leo, na bado sijasema.