Msichana Aliyesoma Midomo Yetu

Wizara ilipotuletea mwongozo mpya, direkta, mkuu wa shule yetu, alitusomea katika chumba cha walimu, hapa Gihundwe, huku wengi wetu tukiendelea kusahihisha madaftari. Kila shule ya serikali itengeneze mpango wa kuwasaidia wanafunzi wanaobaki nyuma, na kila mwalimu wa darasa awatazame watoto hao mmoja mmoja kwanza, kabla ya kusema lolote juu yao. Tulikuwa tumezoea maagizo. Ila mimi nilijua papo hapo nitaanza na nani.

Alikuwa msichana wa darasa la tano, mpole, anayekaa nyuma karibu na dirisha. Ukimwita hageuki. Ukimsomea imla anaandika nusu tu. Sote tuliamini ni shida ya lugha, maana nyumbani kwao ni Kiswahili, uwanjani Kinyarwanda, na darasani Kiingereza. Watoto wengi wa mji wetu wa Kamembe huchanganyikiwa hivyo, hata mimi nilichanganyikiwa nilipokuwa mdogo.

Siku moja mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya mabati. Nilikuwa nasomesha sehemu za mmea. Watoto wakaanza kulalamika, "Mwalimu, hatusikii!" Nikaendelea kidogo, nikijua napoteza sauti yangu bure. Nilipopita kati ya madawati nikakuta daftari la yule msichana limejaa. Aliandika kila neno nililosema, na wenzake hawakuwa na kitu. Akainua macho, akanitazama mdomoni, akingoja niendelee.

Nilisimama pale nikiwa na chaki mkononi.

Jioni nilimfuata mama yake. Ni mjane, anabeba mizigo ya wachuuzi katika mpaka wa Kongo, Rusizi ya Kwanza, na kanga yake ilikuwa bado na vumbi la unga. Nilimweleza nilichoona. Akasema, "Nilizania ni kiburi. Namuita, haitike. Nikamupiga, Mwalimu. Nilimupiga juu ya ile kiburi."

Tulimpeleka hospitali pamoja. Daktari alisema masikio yote mawili yanakufa polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Basi mpango ukaanza. Tulimhamishia dawati la mbele. Tulikubaliana, sisi walimu, kwamba hakuna anayesema akiwa amewapa wanafunzi mgongo. Rafiki yake mmoja alimwonyesha ukurasa kila tulipofungua kitabu. Kwa muhula huo alipanda, akapata alama ambazo hakuwahi kuzipata. Siku ya ripoti mama yake alikuja amevaa kitenge cha sikukuu, akampa kila mwalimu mkono. Nilifurahi kama mtu aliyefukuza ugonjwa kwa mikono yake.

Lakini masikio hayakungoja mpango wetu. Mwaka uliofuata hakusikia hata kengele. Midomo peke yake haikutosha, masomo yalikuwa magumu, na yeye alirudi nyumbani kila siku akiwa na maumivu ya kichwa kwa kukodoa macho. Mwongozo ulisema mtoto wa namna hiyo apelekwe penye walimu waliofundishwa kazi hiyo. Shule ya viziwi iliyompokea ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima, na ni ya bweni.

Mama alikataa. "Batoto banaenda kulala internat bakiwa bakubwa. Huyu wangu ni mutoto bado. Ataongea na nani kule?"

"Ataongea kwa mikono, Maman. Watamfundisha."

"Na mimi je? Mimi nitaongea naye namna gani?"

Nilisema yale niliyopaswa kusema, kwamba tusimnyime mtoto maisha yake. Mwishowe akakubali, na asubuhi ya safari tulisimama wote stendi ya Kamembe. Alimshika binti yake mashavu, akamwambia jambo polepole, midomo yake ikitamka kila neno waziwazi. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka.

Katika kikao cha wazazi direkta alitaja habari ile, bila kumtaja mtoto, kama mfano wa mpango uliofaulu. Ni kweli, ulifaulu. Huko aliko anaongoza darasa lake.

Likizo nilikwenda kumsalimia nyumbani kwao. Alikuwa amenenepa, macho yamechangamka. Alinisimulia mambo kwa mikono, upesi upesi, akicheka, na mama yake akiitikia kila kitu kwa kichwa. Halafu binti akauliza kitu, akangoja. Mama akaitikia tena. Binti akarudia lile swali polepole, kama mtu anayesema na mgeni, na mama akatabasamu, akaitikia. Mikono ya yule mtoto ikashuka mapajani. Akainuka, akaenda kukaa nje peke yake.

"Na mudomo wake hautumie tena," mama aliniambia. "Batoto ba hapa balimucheka, banasema sauti yake imekuwa mubaya. Sasa hata kusema 'Maman' haseme."

Nilimwuliza direkta kama mpango una mafunzo ya lugha ya ishara kwa wazazi. Hayamo. Aliandika pendekezo, nami nikaliandika upya kwa lugha nzuri zaidi, tukalituma. Hatujapata jibu. Mama bado anabeba mizigo mpakani, na tukikutana njiani ananiuliza kama nimeshajua namna ya kusema kwa mikono, "umekula?"