Fundi Aliyeacha Dawa kwa Ajili ya Gauni

Marehemu mume wangu hakufia kwa hawara. Alifia sebuleni kwa mteja, amepiga magoti, akipima pindo la gauni la bibi harusi, na mama wa binti alikuwa kwenye kochi mbele yake. Wanaovumisha mengine wanalijua hilo, ila midomo yao imekosa kazi.

Alikuwa fundi cherehani hodari. Mwaka jana moyo ulimsumbua, akawekewa kijibomba cha waya kwenye mshipa ulioziba. Daktari alitueleza vizuri. Ndani ya damu mna chembe sahani, ndogo mno kuonekana kwa macho. Ukijichoma, hukimbilia pale, hushikana na kuziba tundu. Hiyo ni kazi njema. Lakini zikikuta utando wa mafuta uliopasuka ndani ya mshipa, au waya mgeni, hudhani ni jeraha. Hushikana vilevile, damu ikaganda, moyo ukakosa chakula chake. Vidonge alivyopewa vilizizuia zisishikane.

"Usiviache bila kuniuliza," daktari alimwambia.

Sasa, fundi na sindano hawaachani. Zamani akijichoma alilamba kidole na kuendelea. Kwa dawa zile, damu ilikawia kukatika. Mama wa binti alipokuja kutazama kazi, alikuta tone kifuani mwa gauni jeupe.

"Fundi, hii gauni ya harusi au ya buchani?"

"Litatoka, mama. Maji baridi na sabuni tu."

"Na ukijichoma tena? Mwanangu aingie ukumbini kama katoka kuchinja kuku?"

Mume wangu alicheka naye, lakini neno lile lilimwingia. Tangu hapo, nikimletea vidonge, alinijibu kwa utani, "Nimeshameza, mwalimu. Usinisimamie kama mwanafunzi." Nami nilimwamini, maana hakuwa mtu wa uongo.

Siku ya kujaribisha gauni alimwonyesha yule mama kidole chake.

"Tazama, nimejichoma sasa hivi na hakuna kitu. Dawa nimeziweka kando mpaka nikukabidhi kazi yako."

Mama huyo mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akilia. Muda mfupi baadaye mume wangu alishika kifua, akaegemea kiti. Alifikishwa hospitali ameshakata roho, na walipomchunguza walikuta kijibomba kimeziba kwa damu iliyoganda.

Alikosea, na sifichi. Alikosea akilinda kazi yake, si akivizia binti wa watu. Sasa mnataka kujua jina la binti, na kama gauni lilivaliwa. Sisemi.