Wifi Aliyerudisha Chenji

Kosa la wifi yangu lilitendeka Jumamosi moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, na halikuchukua muda zaidi ya kufumbua kiganja. Alirudisha chenji.

Mume wake ni mdogo wangu, tumbo moja, karani wa ofisi ya maji. Kila Jumamosi baada ya chai humkabidhi mkewe pesa ya jiko ya wiki nzima. Wiki ile wifi alipika, watu wakashiba, na noti mbili zikabaki. Bado alikuwa mgeni nyumbani, anataka aonekane mwaminifu. "Baba, hizi zimesalia," akasema. Mdogo wangu akazikunja, akazitia mfukoni, akamsifu mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata pesa ya jiko ilipungua kwa noti mbili zilezile.

Mimi nauza nafaka. Nimekaa nyuma ya meza yangu sokoni miaka kumi na tisa, na meza hiyo sikurithi kwa mtu. Mteja akija akanitajia mwenyewe kiwango anachoweza kuvumilia, sina sababu ya kumpa nafuu zaidi. Si roho mbaya, ndiyo kazi yenyewe. Mdogo wangu hajawahi kuuza hata kiberiti, lakini tumelelewa na mama mmoja.

Tangu siku hiyo imepita miaka kumi na mmoja. Wamepata watoto wanne, mama yetu amehamia kwao, wamekuwa midomo saba. Bei za sokoni zimepanda mara sijui ngapi, pesa ya jiko imepanda mara mbili, tena kwa kulazimishwa na mama. Pengo lililobaki wifi alilijaza kwa mikono yake.

Ukitaka kujua namna gani, ingia jikoni kwake. Ni chumba chembamba ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mikono unagusa pande zote. Pale anapika maharage kwa moto wa robo saa. Anayaloweka usiku, asubuhi anamwaga maji, anatia mengine, anachemsha kwa nguvu dakika kumi na tano, kisha anafunika sufuria, anaiviringisha blanketi zee na kuitumbukiza kwenye sanduku la mbao lililojaa vipande vya godoro. Saa nne baadaye ukifunua yameiva, na gesi iko palepale. Kitunguu hakitii kwenye mafuta. Anakikata chembamba, anakitupa na chumvi kidogo kwenye sufuria kavu ya moto mpaka kitoe maji yake, ndipo kijiko kimoja cha mafuta kinafuata. Kijiko hicho kinafanya kazi ya vitatu. Moyo wa kabichi ambao wewe na mimi tunautupa, yeye anaukwaruza. Mayai matatu anayachanganya na viazi vilivyokwaruzwa na unga kidogo, anakata vipande saba, na hakuna anayeinuka akinung'unika. Mkate uliokauka anautwanga uwe unga wa kushikia nyama ya kusaga, nusu nyama nusu mkate, na mama yetu, ambaye ulimi wake haujawahi kumhurumia mtu, anaomba kuongezwa.

Kinachokosekana kwenye maelezo hayo ni miguu yake. Alfajiri anatembea mpaka yanakoshushwa malori ya mboga, anaokota nyanya zilizobondeka na kabichi zilizopasuka kwa bei ya chini. Anarudi, anazikata sehemu mbovu, anachemsha, anachuja. Mchana anakaa na sinia kuchambua maharage ya chini ya gunia, yaliyopasuka na kuchanganyika na vijiwe. Hayo nilikuwa namuuzia mimi kwa bei ya kutupa, na yeye kwa shukrani ananichambulia gunia zima kila wiki bila malipo. Niliona ni biashara nzuri. Ilikuwa nzuri, kwangu.

Mwaka jana wanawake wa jengo lao walianzisha kikundi kwenye simu, wakamwomba mapishi. Hajui kuandika maelezo marefu, kwa hiyo alikuwa anarekodi sauti, sufuria inasikika ikitokota nyuma. "Shosti zangu, leo nyanya. Usinunue nzuri." Watu walimpenda. Wakampa jina, Profesa. Wanawake wakawasambazia dada zao, dada zao mashoga zao. Na kila sauti alikuwa anaifunga kwa maneno yaleyale: "Familia imeshiba, na hela inabaki."

Wakati huohuo kilitokea alichokuwa anakitaka maisha yake yote. Nyuma ya soko letu kuna karakana ya magari, mafundi thelathini, na kibanda kimoja cha chakula. Mama aliyekuwa anapika pale alikuwa anahama mwisho wa mwezi. Msimamizi wa karakana alikula kwangu mezani chakula cha wifi, sahani niliyoletewa mimi, akaniambia, "Huyu mpishi mwambie kibanda ni chake. Afungue saa kumi na mbili asubuhi, afunge saa nane. Kodi ya miezi miwili mbele. Asipokuja kabla ya mwezi kuisha nampa mwingine, wapo wanne wananisumbua."

Nilimfikishia. Hakurukaruka. Alikaa juu ya gunia langu la mchele akakunja vidole. "Alfajiri niko kwenye malori. Saa tatu nachuja nyanya. Saa tano sufuria iwe imeingia kwenye blanketi. Saa sita nachambua. Nifungue kibanda saa ngapi, wifi?"

"Nunua vitu vizima kwa bei ya watu wote, upate muda."

"Kwa pesa ipi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Chakula chake hakikuwa rahisi hata siku moja. Kilikuwa ghali, ila malipo alikuwa anatoa yeye, kwa saa zake, na mume wake alikuwa hajui kwamba kuna mtu analipa. Kodi ya kibanda, hiyo alikuwa karibu kuifikisha. Chenji hakurudisha tena baada ya lile kosa, alikuwa anazichimbia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Zilibaki Jumamosi mbili mkebe utimie.

"Basi mwambie mumeo akuongezee."

"Nitamwambia nini? Miaka kumi na mmoja namwonyesha kuwa inatosha. Hata kwenye simu natangaza inabaki."

Juma lilelile simu yenyewe ikamgeuka. Nilikuwa nimempelekea mama dawa zake, nikamkuta wifi uwanjani kwenye bomba, ndoo imejaa inamwagika, wanawake watano wamemzunguka. Msemaji alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini.

"Profesa, mume wangu jana kanipa pesa ya soko imesinyaa. Ananiuliza, mke wa karani anashibisha saba kwa kilo moja, nyie watano mnakula na nani mwingine?"

"Wangu kaisikiliza sauti yako mara mbili," akasema muuguzi wa ghorofa ya tatu. "Mara mbili. Mimi nikiongea hafikishi nusu."

Wawili wakacheka.

"Msicheke," fundi akasema. "Tulimwomba mapishi, hatukumwomba atuuze."

"Mimi nilieleza kupika tu, fundi," wifi akasema. "Sikusema mpunguziwe."

"Ulisema hela inabaki. Inabaki kwa nani?"

Wifi akafunga bomba. Akajitwika ndoo, akapanda ngazi, na mimi sikumtetea.

Kesho yake alikuja mezani kwangu kabla sijafungua magunia. "Wifi, kuanzia leo usiniuzie ya chini ya gunia. Nikija niambie hakuna. Nikikulilia niambie hakuna."

"Na gunia langu nani atanichambulia?"

"Sijui. Si mimi."

Nilikubali. Asije mtu akasema nilimwonea huruma. Nilipiga hesabu: mafundi thelathini ni maharage mazima kila siku, na mimi ndiye muuzaji wa karibu. Kwenye malori pia hakwenda tena. Alitaka pesa ya jiko iishe kweli, ili aseme imeisha bila kusema uongo, aongezewe.

Iliisha Jumatano. Alhamisi jioni mdogo wangu akatokea sokoni na shati la ofisi, kalamu mfukoni.

"Dada, nasikia umemnyima wifi yako mzigo."

"Hakuna mzigo."

"Na lile?" Akaligusa gunia kwa ncha ya kiatu.

"Lile lina mwenyewe. Mfuga kuku."

"Kuku wananunua kunishinda mimi ndugu yako?"

"Kuku hawaombi punguzo."

Akacheka, kisha akaniomba punguzo kwenye maharage mazima. Nilimpunguzia kidogo, akaridhika, akaondoka kuelekea kwa wauza kabichi. Nilimwona akibishana, akigeuka, akiitwa arudi. Alipopita tena kwangu alikuwa na mifuko mitatu na uso wa mtu aliyetoka kwenye mpira timu yake imeshinda. Nikajua tumekosea.

Jumamosi baada ya chai hakutoa noti. Alimwambia mkewe kwa upole kabisa, "Usihangaike tena na soko, umechoka. Nitanunua mwenyewe. Nimegundua nina mkono wa kununua."

Kwa hiyo wifi alipata asubuhi zake zote, na mkebe ukasimama palepale. Zilikuwa zimebaki siku sita mwezi uishe.

Alikuja na kikapu kitupu, akakaa. Nilimwambia ninachoweza. Nitajazia kodi mimi, anilipe nusu ya faida miezi sita, na nafaka zote achukue kwangu.

"Theluthi," akasema. "Miezi minne. Nafaka nachukua kwako, ila gunia nachagua mimi, na nalifungua kabla sijalipa."

"Nusu. Siku sita zinakwisha, wifi."

Akainuka, akachukua kikapu, akaenda zake. Hakunisihi, hakugeuka. Nilimwacha afike kwa muuza chumvi, nilimwacha apite kwa muuza ndizi. Alipofika kwenye lango nikamtuma mtu. Tulikubaliana theluthi, miezi mitano. Gunia anachagua yeye, na anachagua vibaya sana kwangu.

Mdogo wangu hakukataa kibanda. Angekataa pengine ingekuwa rahisi, tungepigana. Alisema tu, "Sawa, mradi nyumbani pasipungue kitu," na mama yetu akaitikia kwa kichwa. Ndivyo wifi alivyopata majiko mawili. Saa kumi alfajiri yuko macho, saa kumi na mbili chai ya mafundi iko tayari, saa nane anafunga, saa tisa anapanda ngazi, saa tisa na robo sufuria ya pili iko motoni. Mifuko anayoikuta mlangoni amenunua mumewe kwa mkono wake mzuri: viazi vilivyoota macho, kabichi ya kuchambua jani kwa jani. Bei ya chini kabisa. Kuchambua si kazi ya aliyenunua.

Juma la pili mdogo wangu alikwenda kibandani mchana na wenzake wawili wa ofisini, awaonyeshe. Wenzake walilipa vyao, yeye alikula sahani mbili, akajifuta mdomo, akainuka.

"Baba," wifi akamwita, "sahani mbili."

Mafundi wakaacha kutafuna.

"Andika," akasema. "Tutamalizana nyumbani."

Nyumbani jioni ile alikaangia watoto na mama mayai kwa viazi, vipande sita. Mdogo wangu alikaa mezani akingoja cha saba.

"Changu kiko wapi?"

"Umeshakula. Sahani mbili, moja ya mchana, moja ya jioni. Nimeandika."

Mama yetu alikuwa anatafuna. Alimeza kwanza. "Mlipe mtu pesa yake," akasema, "au ulale."

Alilipa. Aliiweka mezani noti baada ya noti, na kwa kuwa ilizidi, akanyoosha kiganja apewe chenji. Wifi alimpa yote, mbele ya mama.

Kesho yake alipika vipande saba kama kawaida. Nilipita jioni kuchukua theluthi yangu, nikamkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, viazi mapajani. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba. Mlangoni alikuwa amesimama fundi cherehani, hawajasemeshana tangu siku ya bomba, anauliza kwa sauti ndogo ile ya kitunguu bila mafuta inafanywaje, maana pesa ya mumewe haijarudi ilikokuwa.

"Simu yako iko wapi?" wifi akamuuliza.

"Nimeiacha chini."

"Basi ingia. Chukua kisu hicho, umenye huku unatazama. Mlango rudishia."