Mguu wa Mwalimu Pampu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumanne. Mwalimu Pampu amekaa mezani anakunywa chai, na chini ya meza mguu wake wa kulia uko kazini. Unakanyaga sponji la kuoshea vyombo lililofungwa kwa mpira kwenye kipande cha ubao. Unakanyaga, unashikilia kidogo, halafu bila ruhusa ya mwenyewe unaachia na kukanyaga tena. Na tena. Na tena.

"Umeanza!" anasema mkewe bila kugeuka. Yuko kwenye cherehani karibu na dirisha, anapinda suruali ya mteja. "Nakusikia, baba watoto. Hilo sponji linalia."

"Si mimi, ni mguu."

"Basi uambie mguu mtihani ni keshokutwa."

Mwalimu anainama, anauangalia mguu wake jinsi mtu anavyomwangalia mgeni aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana mwezi. Kisha anaweka kikombe chini na kuanza upya.

Ana miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na minane amekuwa mkufunzi katika shule ya udereva yenye magari manne na ofisi moja. Jina lake halisi liko kwenye cheti kilichoning'inizwa ofisini, lakini hata mwenye shule hulisoma kwanza ndipo alitaje. Mtaa mzima unamwita Mwalimu Pampu, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake anakumbuka kiganja kikipiga dashibodi na sauti ikimpasua sikio: "Pampu! Pampu! Pampu!"

Tusimwonee. Alipoanza kufundisha alikuwa sahihi kabisa. Katika magari ya zamani, ukikanyaga breki kwa hofu, magurudumu yanajifunga, gari linateleza kama sabuni kwenye sakafu, na usukani unabaki pambo tu. Dawa yake ilikuwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, ili magurudumu yaendelee kuzunguka na gari lisikie usukani.

Ila magari yamebadilika. Siku hizi kila gurudumu lina kifaa kidogo kinachopima mwendo wake, na kompyuta iliyojificha ndani ya gari inafanya kazi ya kukanyaga na kuachia yenyewe, mara nyingi zaidi ndani ya sekunde moja kuliko mguu wa binadamu yeyote. Ndizo breki za ABS. Dereva kazi yake ni kukanyaga kwa nguvu, kushikilia bila kuachia, na kuendelea kuongoza usukani. Akianza kupampu, anaikatiza kompyuta kauli kila inapotaka kusema.

"Yaani gari linapampu lenyewe, na ukilisaidia unaliharibia," anasema Mwalimu, na uchungu wake hauna mzaha. "Hebu fikiria. Miaka ishirini na minane nafundisha kitu, halafu chuma kinaniambia kaa pembeni."

Mambo yalimfika shingoni mwezi uliopita. Wakaguzi wa leseni walitangaza kwamba kila mkufunzi, kabla leseni yake ya kufundishia haijahuishwa, lazima aonyeshe jinsi ya kufunga breki za dharura kwenye lami iliyomwagiwa maji, huku akilikwepesha gari lisigonge mapipa ya plastiki. Mwalimu Pampu alikwenda amevaa tai.

"Nilijua naenda kuwafundisha," anakiri.

Alikuja kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Penye mstari akapampu mara tano, kwa ufundi wote. Breki zikaanza kutetemeka chini ya unyayo wake, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, ndivyo ABS inavyojitambulisha. Mwalimu hakujua. Alidhani kuna kitu kimekatika, akashtuka, akaondoa mguu wote. Gari liliyapitia mapipa manne, likaendelea mpaka kwenye meza ya wakaguzi, iliyokuwa na chupa ya chai na sahani ya biskuti. Mkaguzi mkuu, mtu mwenye kitambi cha heshima ambaye inasemekana hajakimbia tangu shule ya msingi, siku hiyo alikimbia.

Hakuumia mtu. Biskuti hazikupona.

Amepewa nafasi moja ya mwisho, Alhamisi hii. Akifeli, leseni ya kufundishia haihuishwi, na mwenye shule ameshamwonyesha kiti chake kipya: darasani, mbele ya ubao, kufundisha alama za barabarani. Hatagusa tena gari la shule.

Ungedhani kinachomsumbua ni aibu. Mwandishi wa makala haya naye alidhani hivyo, mpaka Mwalimu alipomwonyesha kitabu.

Ni kitabu cha maelezo ya gari, kile kinachokuja na gari jipya. Shule ilinunua gari lake la kwanza la kisasa miaka sita iliyopita, na kitabu kilikaa kwenye kijisanduku cha dashibodi kikiwa ndani ya nailoni yake. Mwalimu hakukifungua. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya njano yenye picha ya kigari na alama mbili za matairi zilizopinda. Inapowakawaka kwenye utelezi, maana yake gari limeanza kwenda mrama na kompyuta inalirudisha njiani kwa kufunga breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu za injini. Wanafunzi walimuuliza ni taa ya nini.

"Ukawajibuje?"

Mwalimu anakohoa. "Niliwaambia inakumbusha kwamba mbele kuna kona."

Mkewe anasimamisha cherehani ili acheke vizuri.

"Cheka tu," anasema Mwalimu. Kisha anasimulia habari ya muuza mikate, na hapo hata cherehani inabaki kimya.

Muuza mikate ni kijana aliyejifunza kwake miaka mitatu iliyopita, sasa anasambaza mikate kwa gari dogo la kisasa. Asubuhi moja ya mvua, ng'ombe alikatiza barabara. Kijana akapampu kama alivyofundishwa. Alimkosa ng'ombe kwa unywele, akatumbukia mtaroni, na mikate mia mbili ikaelea kwenye maji. Yeye akatoka na mchubuko wa kiwiko. Mtu wa kwanza aliyempigia simu ni Mwalimu.

"Alinipigia kunishukuru!" anasema Mwalimu, na macho yake yamekuwa mekundu. "'Mwalimu, nimepampu kama ulivyonifundisha, ndiyo maana niko hai.' Nami nikamwambia, 'Hongera, kijana wangu.' Wiki hiyohiyo nikagonga ile meza, nikarudi nyumbani, nikafungua kitabu. Kijana alikuwa na breki ambazo zingemsimamisha au zingempitisha pembeni. Aliyempeleka mtaroni ni mimi."

Anahesabu kwenye madaftari yake ya mahudhurio. Tangu gari la kisasa lifike, amefundisha watu mia tisa na arobaini na moja. Ndiyo maana anaitaka leseni. Anataka kuwarudisha wote kwenye gari, mmoja mmoja, na mtu wa ubao na chaki haruhusiwi kufanya hivyo.

Lakini kwanza mguu. Mguu haukusoma kitabu.

Fundi wa gereji ya jirani alimshauri avae kiatu kizito. Kiatu kizito kikapampu kwa kishindo zaidi. Mwenye shule akamwambia avute pumzi. Alivuta, akapampu huku ametulia. Jumatano mchana, mkewe alichoka kusikiliza sponji, akavua miwani ya kushonea na kusema, "Twende uwanjani. Nitakufundisha mimi."

"Wewe? Wewe nilikufundisha mimi!"

"Ndiyo. Na sikukusikiliza."

Ni kweli tupu. Miaka ishirini na minne iliyopita, Mwalimu alimfundisha mchumba wake kuendesha, na walikaribia kuachana mara mbili kabla ya kufika gia ya tatu. Mkewe hajawahi kupampu maisha yake yote. Yeye huona kitu mbele, hukanyaga breki kwa mguu wote na kubaki hapo mpaka dunia itulie. Kwenye gari la zamani tabia hiyo iliwaingiza kwenye ua wa jirani. Kwenye gari la kisasa, inageuka kuwa ndiyo mafunzo sahihi, na mama huyu hana mpango wa kuacha kulitaja jambo hilo karibuni.

Kwenye uwanja mtupu wa kuegeshea magari, baada ya kumwaga madumu ya maji, alikaa kiti cha abiria akiwa na pochi mapajani.

"Ukikanyaga," alimwambia, "anza kutaja wajukuu wa mama yangu, mmoja mmoja, kwa majina. Huondoi mguu mpaka uwamalize."

"Wako kumi na saba!"

"Ndiyo maana."

Mara ya kwanza alifika kwa wa pili, mguu ukaachia. Mara ya sita akamsahau mtoto wa shemeji yake, wakagombana dakika tano wakiwa katikati ya uwanja. Mara ya kumi na moja, breki zikatetemeka, Mwalimu akauma meno, akataja, akashikilia. Mkewe akafungua pochi, akatoa peremende, akampa. Ndivyo Mwalimu alivyokuwa akiwapa wanafunzi wake.

Alhamisi, saa nne asubuhi, wakaguzi walikuwa wameisogeza meza yao hatua mia moja nyuma. Mkaguzi mkuu alisimama nyuma ya mti.

Aliyeingia kwenye gari na Mwalimu ni mkaguzi mdogo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na kumbe naye ni zao la kiganja kilekile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unanikumbuka?"

"Nikusahau vipi? Nilipoingia kazi hii, ilinichukua miezi miwili kuutoa mguu wako kwenye mguu wangu."

Gari likaondoka. Arobaini, hamsini, sitini. Penye mstari, mguu ukashuka. Kutoka pembeni tuliona pua ya gari ikiinama, maji yakaruka, na kupitia dirishani ikasikika sauti ya mzee akiita watoto kwa nguvu zake zote. Usukani ukaenda kushoto, gari likafuata kwa adabu, likayapita mapipa bila kuyagusa, likasimama wima.

"Mwalimu," tulimsikia mkaguzi, "umefaulu. Toa mguu."

"Bado kumi na watatu," akasema Mwalimu, na hakuutoa mpaka alipowamaliza.

Mkewe alipiga vigelegele, halafu akawaambia wakaguzi wote, pamoja na yule wa nyuma ya mti, ni nani aliyemfundisha.

Mwalimu hakushangilia sana. Jioni hiyo alimpigia muuza mikate, akamweleza kila kitu, akamwomba radhi. Kisha kwa kidole kimoja akaandika ujumbe na kuutuma kwa kila namba ya daftarini iliyokuwa bado hewani: "Nilikufundisha vibaya kufunga breki. Si kosa lako, wala si la gari. Njoo Jumamosi, dakika ishirini, bure. Mwalimu Pampu."

Jumamosi wamekuja kumi na mmoja. Wamesimama kwenye uwanja wenye maji, mikono mifukoni, na Mwalimu mbele yao bila tai. Amewaeleza habari ya kitabu kwenye nailoni, hata ile ya taa ya njano na kona. Hakuna anayecheka. Mama mmoja, muuguzi aliyekuja na sare yake, ananyoosha kidole.

"Mwalimu, samahani. Tulikuamini ukatuambia tupampu. Safari hii tukuamini kwa nini?"

Mwalimu anakwenda kwenye gari, anafungua mlango wa dereva.

"Msiniamini," anasema. "Kaa wewe. Kanyaga uone mwenyewe."

Muuguzi anakaa. Anakwenda, anakanyaga, anashikilia. Gari linatetemeka, linaukwepa ubao uliowekwa katikati, linasimama. Anabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, kisha anageuka kuangalia kiti cha nyuma, ambako kimefungwa kiti cha mtoto alichokihamisha kutoka gari lake ili ajaribu kama atakavyokuwa barabarani. Anakiangalia muda mrefu.

"Tena," anasema.

Wamebaki mia tisa na thelathini. Kwa watu kumi na mmoja kila Jumamosi, Mwalimu Pampu amepiga hesabu, atamaliza mwaka ujao kabla ya kustaafu kwake.

"Sitaki sanamu wala cheti," anasema, macho yakiwa kwenye gari linalozunguka kurudi mstarini. "Nataka siku nikiondoka duniani, mguu wangu usibaki kwenye gari la mtu yeyote."