Faili la Dirishani

Katika masjala ya ofisi moja ya viwanja mjini Dodoma, karani Yoramu Matonya alikuwa na dirisha lake. Kioo chake kimoja kilizibwa kwa kadibodi, na kwenye ukingo wake wa saruji palikuwa na jiwe jeusi alilolileta kutoka kwao Kongwa. Kazi ya jiwe ilikuwa kukandamiza mafaili yasichukuliwe na upepo. Aliyewahi kuishi Dodoma anaujua upepo wake.

Mafaili ya dirishani hayakuwa mengi: mawili, matatu, pengine moja. Yalikuwa ya wafiwa. Mtu akiomba kiwanja, kisha akafa kabla ya kupata barua yake, mrithi alitakiwa kufika mwenyewe ndani ya siku kumi na nne, atie dole gumba, jina libadilishwe. Asipofika, ombi lilifutwa na kiwanja kikaenda kwa anayefuata katika orodha. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini marehemu Thobias, karani aliyempokea Yoramu kazini mwaka 1974, alimfundisha jambo ambalo halikuwa katika kanuni. "Faili la mwenye msiba halisukumwi," alimwambia. "Liweke dirishani. Akimaliza kulia atakuja."

Yoramu akafanya hivyo miaka thelathini, bila kuandika popote. Enzi hizo karani alimjua mtu kwanza, namba yake baadaye.

Halafu ikaja miaka ya kubinafsisha na kupunguza wafanyakazi. Viwanda viliuzwa, makarani saba wa ofisi ile walipewa barua za shukrani wakaenda zao, na mwaka 2004 ikaletwa kompyuta, pamoja na kijana wa kuifundisha kazi. Kijana huyo, Raphael, alikuwa na adabu. Aliwaamkia hata wafagizi. Aliketi na Yoramu siku tatu.

"Hapa hatuandiki maneno mengi, mzee," alisema. "Tunachora. Kila hatua ni kisanduku. Mshale unaonyesha faili linakokwenda. Ukishamaliza kuchora, kompyuta inalipeleka yenyewe."

"Lenyewe? Bila mtu kulibeba?"

"Bila mtu."

Yoramu akaitazama miguu yake, iliyobeba mafaili katika korido ile tangu ujana.

Visanduku vikapangwa kwenye kioo cha kompyuta kama nyumba za kijiji kipya: Masjala, Mpimaji, Mwanasheria, Mkuu wa Ofisi. Pembeni Raphael akachora kisanduku chenye alama ya saa, kimeandikwa Siku 14, na mshale wake ukashuka hadi kwenye kisanduku chekundu: Futa.

"Kuna njia nyingine yoyote faili linapita?" aliuliza. Aliuliza mara tatu, siku tatu tofauti.

"Hakuna," Yoramu alijibu mara zote tatu. Mkuu wa ofisi, Mama Violeth, alikuwa akiingia na kutoka, na ilisemwa kwamba orodha nyingine ya kupunguzwa inaandaliwa. Mzee wa miaka hamsini na minane angeanzaje kusema kwamba kwa miaka thelathini amekuwa akiivunja kanuni kwa jiwe?

Mafaili yote yakaingizwa katika kompyuta. Lile moja lililokuwa chini ya jiwe likaingizwa nalo.

Jumatano moja ya mwezi Juni, Mbwana, muuza asali kutoka Kondoa, alisimama kaunta akiwa na barua mkononi.

"Shikamoo, mzee Yoramu."

"Marahaba. Leo asali iko wapi? Au Warangi mmeanza kuila wenyewe?"

Mbwana hakucheka. "Dada yangu Kuluthumu yuko eda, unajua. Mumewe alipofariki mwezi wa tatu nilikuja hapa, ukaniambia, mwambie akae eda yake kwa amani, faili nimeliweka. Nikamwambia. Sasa hii nini?"

Yoramu akavaa miwani. Barua ilisema kwamba ombi la kiwanja cha Ipagala limefutwa kwa kuwa mrithi hakufika, na kwamba kiwanja kitatolewa kwa mwombaji anayefuata siku ya Ijumaa. Haikuwa na sahihi ya mtu. Mwanamke aliyefiwa, aliyebakiza miezi miwili ya kukaa ndani kama dini yake inavyotaka, ameandikiwa na mashine kwamba amechelewa.

"Ana watoto wanne katika chumba cha kupanga," Mbwana alisema. "Kiwanja kile ndicho alichoachiwa. Yeye hata hakuifungua barua, nimeifungua mimi. Anasema, mzee Yoramu alishatoa neno."

Yoramu aliichukua barua, akavaa koti lake lililokuwa mgongoni mwa kiti, akaenda kwa mkuu wa ofisi. Raphael alikuwa humo, akiaga baada ya wiki kadhaa za kuisimika kompyuta. Kesho yake alikuwa anarudi Dar es Salaam.

Yoramu alieleza yote akiwa amesimama. Mama Violeth akaweka kalamu chini.

"Miaka thelathini unaficha mafaili ya serikali dirishani?"

"Sikuficha, mama. Dirisha lile hata wewe unalipita kila asubuhi."

"Nani alikuruhusu?"

"Thobias. Amekwisha kufa."

"Unajua nikiandika haya, Yoramu, watakuweka orodha gani?"

"Najua, mama. Andika. Ila kiwanja kisitoke Ijumaa."

Raphael alikuwa amejishika kichwa. "Mzee! Si nilikuuliza? Mara tatu nilikuuliza kama kuna njia nyingine!"

"Uliniuliza faili linapita wapi. Pale halipiti, mwanangu. Pale linakaa."

Mama Violeth akaichukua barua, akaisoma. Yeye mwenyewe alimzika mumewe mwaka uliotangulia, na siku ya arobaini alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti kile. "Rudisha ombi la huyo mama," alimwambia Raphael hatimaye. "Na dirisha lake hilo, lichoree kisanduku. Mimi nitasaini."

Walirudi masjala. Raphael akamwachia kiti. "Chora wewe, mzee. Bonyeza hapo, usiachie, buruta."

Yoramu akakishika kipanya, akabonyeza. Kisanduku kikaja kinayumba, akakiweka pembeni ya ile saa, akavuta mshale. Mshale ukapitiliza ulikotakiwa, ukanasa kwenye kile kisanduku chekundu.

"Ah! Umempeleka mjane jalalani!" Raphael akacheka, na mzee naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu mashine iletwe. Akarudia, ukakaa. Akaandika kwa kidole kimoja: Dirishani.

Kompyuta ikauliza: muda wa kusubiri?

"Weka mpaka atakapokuja," Yoramu alisema.

"Haikubali, mzee. Inataka namba."

Thobias hakuwahi kutaja namba. Mbwana, aliyekuwa amewafuata, akahesabu kwa vidole miezi minne ya mwandamo na siku kumi, akaongeza mbili za kufika mjini. Wakaandika mia na thelathini. Msiba ukapewa siku hizo, kwa watu wa dini zote, na mfiwa wa siku ya mia na thelathini na moja shauri yake.

Jina la Yoramu lilikuwamo katika orodha ya waliopunguzwa mwezi Julai. Mama Violeth aliapa kwamba si yeye aliyeliandika, na pengine ni kweli: masjala isiyo na mafaili ya kubeba ina haja gani na mbebaji?

Mwezi Agosti, eda ilipokwisha, Yoramu alitoka nyumbani kwake Mkonze kwa miguu, amevaa lile koti, akamngoja Kuluthumu kwenye ngazi za ofisi. Hakuna aliyemwita. Mwanamke alifika na kakake, akamwamkia, wakaingia pamoja. Binti wa kaunta akabonyeza mara mbili, akamletea karatasi na kidau cha wino. Kuluthumu akatia dole gumba. Kiwanja kikawa chake.

Alipokuwa akifuta kidole, alitazama dirishani. Palikuwa na chupa ya chai na maua ya plastiki. Jiwe halikuwapo.

"Na faili lilikuwa linakaa wapi miezi yote hii, mzee?" akauliza. "Mbwana aliniambia dirishani."

Yoramu akamwonyesha kompyuta kwa kidevu.

"Humo," alisema. "Nililiweka mwenyewe."