Gad, Mtoro wa Jeshi Aliyelala Kaburini

"Libya? Ulimwambia afisa wa jeshi kwamba Gad yuko Libya?"

Rasmiya, mke wa mwanangu, alikuwa amesimama mbele yangu, mwiko wa mchuzi wa mulukhiya unachuruzika.

"Nilimwambia anauza mablanketi huko," nikasema. "Na kwamba ameoa mwanamke mwenye jino la dhahabu. Mtu akikuulizia mjukuu wako, utamjibu kwamba ni mifupa?"

"Gad alikufa ana siku arobaini, mama. Miaka ishirini na miwili sasa. Ulimzika mwenyewe."

Kweli nilimzika. Kifo chake tu sikukipeleka ofisini. Kifo kikishaandikwa kwenye daftari huijua nyumba, na kikiijua hurudi kuuliza yuko wapi mwingine. Tena sukari na mafuta ya mgao viliendelea kuja kwa jina la Gad kila mwezi, na mtoto wa kaburini hali sukari. Tusidanganyane.

Akaja Shehata, mdogo wake. Tukampa jina la ombaomba, tukamtoboa sikio, tukamvalisha gauni mpaka akatimiza miaka mitano ili kijicho kimpite. Kikampita. Leo ni mkata miwa mwenye mabega ya ngamia. Nimemwona akibeba mzigo ambao punda wawili waliutazama wakakimbia. Lakini mbwa akibweka, anajificha nyuma ya mama yake. Alfajiri hii alikwenda mjini na vyeti vyake, kwenye kambi ya kuandikisha askari, kuomba msamaha wa mwana pekee. Alasiri imeingia, hajarudi.

Abdel-Sabour, kaka yake Rasmiya, aliyetumikia jeshi miaka mitatu huko Sinai, akaweka chini gilasi ya chai.

"Sikiliza, hajati. Mwana pekee hachukuliwi, abaki awatunze wazazi. Lakini kwenye daftari lao Shehata ana kaka mzima, na huyo kaka hakuitika mwito. Huyo ni mtoro wa jeshi. Sasa wewe umemvusha mpaka bila kibali. Faili linahama meza hapo. Linakwenda kwa watu wa usalama wa taifa."

"Usalama wa taifa wana nini na mtoto wa siku arobaini?"

"Wao wanamjua mwanamume wa Libya mwenye mablanketi. Watauliza nani ananunua na kwa nini ni mengi. Hao ndio majasusi, kazi yao kuuliza."

"Basi nitayapunguza."

Rasmiya hakucheka. "Wakimpanga Shehata mpakani je?"

"Ulinzi wa mpaka si kifo, dada. Miaka mitatu nilikaa kwenye doria, adui pekee niliyemwona ni nzi."

"Na mtoto wa jirani yetu Sittuhum?"

Mtoto wa Sittuhum alirudi ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, na mama yake mpaka leo hupika chakula cha watu wawili.

"Dawa ni moja," akasema Abdel-Sabour, polepole. "Hajati aende na mkunga na mashahidi wawili, aape kwamba Gad amekufa. Leo hii, kabla Shehata hajapangiwa kikosi."

"Na sukari ya miaka yote hiyo?"

"Watakuuliza, hajati. Huenda wakakulaza ndani."

Nikafikiria kuzimia. Kuzimia nakujua, harusini kwa binamu yangu nilizimia mpaka wakanisomea Fatiha. Lakini Rasmiya alikuwa amegeukia chungu, mabega yanatikisika, hatoi sauti. Nikavuta baibui langu jeusi.

"Wagida mkunga yu hai?"

"Yu hai, lakini haoni."

"Haoni, lakini anaapa vizuri. Nipe kiatu changu. Na nikilala ndani, usiwaambie majirani ni kwa sababu ya sukari. Sema nimepindua seri—"

Mlango ukasukumwa. Shehata akaingia, kichwa kimenyolewa upara, karatasi ya kupangiwa kikosi, yenye muhuri, mkononi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Bibi," akasema, "unatoka?"